Seva ya Faili Ikikatika Siku ya Mishahara: Angalia Haya Kabla ya Kutuma Pesa Tena

Ni tarehe 30, saa kumi jioni. Karani wako ana orodha ya mishahara kwenye folda ya pamoja ya ofisi, na yuko tayari kuipakia kwenye akaunti yenu ya malipo. Anabonyeza faili, kompyuta inaganda. Kisha unakuja ujumbe kwamba folda haipatikani. Anajaribu tena, faili inafunguka, lakini sasa hana uhakika kama ni ile aliyohifadhi saa nane au ni ya jana. Huko stoo, vijana wanachungulia simu zao kila dakika.

Wateja wenye biashara wakitupigia siku kama hiyo, mara nyingi hudhani shida iko kwenye huduma ya malipo. Lakini kuna wakati pesa ziko sawa, huduma iko sawa, na kinachokatika ni mawasiliano kati ya kompyuta za ofisi na seva yao ya faili. Hasa kwa ofisi iliyochanganya mashine: mhasibu ana Windows, mchoraji wa matangazo ana Mac, na seva yenyewe ni kisanduku kidogo cha Linux kilichowekwa juu ya kabati.

Hebu tuelezane kwa upole. Tutaanza na pesa, kisha twende kwenye waya na mipangilio.

Kwanza, linda pesa

Seva ya ofisi yako na mfumo wa malipo ni vitu viwili tofauti. Ukishapakia orodha na kuidhinisha, kazi imeondoka mikononi mwa kompyuta yako. Hata waifai ikikatika sekunde hiyo hiyo, malipo yanaweza kuendelea. Kwa hivyo, skrini ikiganda, usipakie orodha upya kwa hasira. Fungua taarifa ya akaunti, hata kwa simu, uone kama malipo yameingia. Kila malipo yaliyopita yana nambari yake ya muamala. Kama nambari ipo, pesa zimeenda. Kama bado inasema inashughulikiwa, subiri. Kumlipa mtu mara mbili ni rahisi sana. Kumwomba arudishe ndiyo kazi.

Pili, usipakie orodha moja kwa moja kutoka folda ya seva. Inakili kwanza kwenye kompyuta yako, ifungue, hesabu majina na uangalie jumla, halafu pakia nakala hiyo. Ipe jina lenye tarehe na saa, kwa mfano mishahara-2025-06-30-1600, ili mtu asichukue ya jana. Kazi ikiisha, futa nakala. Orodha hiyo ina majina, nambari za simu na mishahara ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uitunze vizuri.

Ni mmoja au ni wote?

Kabla ya kumpigia fundi, uliza swali hili ofisini: nani mwingine amekatika? Jibu lake litakuokolea nusu ya muda.

Kama ni wote kwa pamoja, shida iko kwa seva, swichi, rauta au stima. Kama ni wale wa waifai tu na wenye waya wako sawa, shuku waifai. Kama ni Mac peke yake au Windows peke yake, shuku mipangilio na matoleo. Kama ni mtu mmoja, anza na mashine yake na nenosiri lake.

Halafu piga ping. Kwa Windows fungua Command Prompt, kwa Mac fungua Terminal, kisha andika ping ikifuatwa na anwani ya seva, mfano ping 192.168.1.20. Kwa Windows ongeza -t mwishoni ili iendelee bila kukoma. Iache ikiendelea huku ukifanya kazi. Seva ikikatika na ping nayo ikakosa majibu, shida ni ya mtandao. Ping ikijibu vizuri lakini folda haifunguki, basi mtandao uko salama. Shida ni ya huduma ya faili, nenosiri au mipangilio.

Anwani imehama

Stima ikipotea na kurudi, rauta inaweza kuigawia seva anwani mpya. Jana ilikuwa .20, leo ni .34. Kompyuta zote bado zinabisha mlango wa zamani. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya rauta na kuitengea seva anwani moja ya kudumu. Pia weka rauta, swichi na seva kwenye betri ya UPS. Wengi huweka seva peke yake wakasahau swichi, na swichi ikizima, seva iliyo hai haimsaidii mtu.

Usingizi wa mashine

Hii ndiyo inayosumbua sana mchana, watu wakirudi kutoka lunch. Laptopu hujaribu kuokoa betri kwa kuzima kadi ya mtandao. Kwa Windows, nenda Device Manager, chagua kadi ya mtandao, kisha kwenye sehemu ya Power Management uondoe alama inayoruhusu kompyuta kuizima. Kwa Mac, ikilala huku faili iko wazi, seva inaweza kuendelea kuamini kwamba bado kuna mtu anaitumia. Ndiyo maana mwenzako akiifungua anaambiwa ni ya kusoma tu. Zoea kufunga faili kabla ya kufunika laptopu.

Kama seva yako ni kompyuta ya Windows, jua pia kwamba kwa kawaida hukata muunganisho uliokaa dakika 15 bila kazi. Utaona alama nyekundu ya X kwenye folda. Usipaniki: ukiibonyeza huwa inarudi yenyewe. Lakini kuna programu za hesabu ambazo hazivumilii kukatwa hivyo, na hapo fundi anaweza kuongeza muda huo.

Matoleo hayaelewani

Windows, Mac na Linux huongea na folda za pamoja kwa lugha moja iitwayo SMB. Kwa Linux, programu inayoiongea ni Samba. Mac nazo zimeipa SMB kipaumbele tangu 2013. Tatizo ni kwamba lugha hii ina matoleo. Toleo la kwanza, SMB1, ndilo lililotumiwa na kirusi cha WannaCry kusambaa duniani Mei 2017, na Windows mpya huja likiwa limezimwa. Kisanduku cha zamani kinachojua SMB1 pekee kitakataliwa. Kuna video nyingi zinazofundisha jinsi ya kuliwasha tena. Tunakuomba usifanye hivyo kwenye kompyuta inayoshika malipo. Sasisha programu ya kisanduku, au kibadilishe.

Windows 11 Pro toleo la 24H2, lililotoka 2024, limeongeza masharti mawili: mawasiliano yatiwe sahihi ya kidijitali, na kusiwe na kuingia kama mgeni asiye na nenosiri. Kwa hivyo ukiona folda ilifunguka vizuri jana na leo, baada ya kusasisha Windows, imekataa, huenda sababu ni hiyo. Suluhisho ni kumfungulia kila mfanyakazi jina na nenosiri lake kwenye seva. Hata kwa usalama, folda ya mishahara isiyo na nenosiri ni kama droo ya pesa isiyo na kufuli.

Kwa Mac, ingia kwa menyu ya Go, kisha Connect to Server, uandike smb:// ikifuatwa na anwani ya seva.

Nenosiri la zamani na wageni wengi

Ukibadilisha nenosiri la seva, Windows inaweza kuendelea kutuma lile la zamani kimyakimya. Fungua Credential Manager, ufute lililohifadhiwa, kisha uingie upya. Kwa Mac, lifute kwenye Keychain.

Na kama mmetumia kompyuta ya kawaida ya Windows 10 au 11 kuwa seva, kumbuka inakubali mashine 20 tu kwa wakati mmoja. Ofisi ikikua, wa 21 atafungiwa nje.

Majina ya faili

Mtumiaji wa Mac anaweza kuita faili "Mishahara 30/6?" bila shida. Windows haikubali alama kama / : * ? kwenye jina, kwa hivyo mwenzake ataona jina la ajabu au faili itakataa kufunguka, na atadhani seva imekatika. Tumieni herufi, nambari na kistari tu.

Ratiba yetu ya mwisho wa mwezi

Usisubiri tarehe 30 ndiyo ujue seva ina homa. PAYE, NSSF na SHIF vinatakiwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na ushuru wa nyumba ndani ya siku tisa za kazi baada ya mwezi kuisha, kwa hivyo faili hizo mtazihitaji tena hivi karibuni. Siku tatu kabla ya mishahara, fanyeni hivi: zima na uwashe rauta mkiwa na nafasi, hakikisha anwani ya seva haijahama, kila mtu aingie kwenye folda mara moja, na kompyuta ya anayelipa iunganishwe kwa waya badala ya waifai. Halafu wekeni nakala ya folda mahali pengine, nje ya seva.

La mwisho, na hili hatuchoki kulirudia: usihifadhi PIN wala nenosiri la akaunti ya malipo kwenye folda ya pamoja, hata kama faili imefichwa. Na mtu akikupigia akisema anatoka kwetu na anataka PIN ili "arekebishe seva", kata simu. Sisi hatuulizi PIN, na seva ya ofisi yako haiijui.