Kutu ya Meli Katika Mfano Mdogo

Meli ya Liemba, iliyoitwa hapo awali Graf von Götzen, iliundwa Ujerumani na kuunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha katika Ziwa Tanganyika. Ilipoopolewa mwaka 1924, injini zake zilikuwa bado nzima, kwani zilikuwa zimepakwa grisi nzito. Chuma hushika kutu kinapofikiwa na maji pamoja na oksijeni, grisi ilivizuia.

Kanuni hiyo ndiyo imwongozayo aundaye mfano wa meli kuukuu. Kutu huwekwa penye viungio vya mabamba, chini ya tundu la nanga na popote maji yatuamapo. Michirizi yake huelekea chini.

Kipimo nacho huzingatiwa. Liemba ina urefu wa mita 71 hivi; kwa kipimo cha 1 kwa 100, mfano huwa na sentimita 71, na doa la sentimita 10 huwa milimita 1 tu. Likizidi, meli hugeuka kitu cha kuchezea.

Kwanza hupakwa rangi ya kahawia. Ikikauka, hulowanishwa kidogo, hunyunyiziwa punje za chumvi, kisha hupakwa rangi nyeupe. Hiyo nayo ikikauka, chumvi husuguliwa itoke, na kahawia huonekana kama chuma kilichobanduka rangi.