Kidatu, Mji wa Sukari Tunaoupita

Basi la Ifakara likitoka Dar es Salaam hupita Morogoro, hukatiza mbuga ya Mikumi, na pale Mikumi mjini huiacha barabara kuu ya Iringa na kushika kushoto. Watalii wengi hawafiki hapo. Wameshaona tembo na wameridhika. Wanaoendelea kusini ni wafanyabiashara wa mpunga, wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na watu wa miwa. Nadhani wanaobaki nyuma wanakosa kitu.

Ulaya ipo miji ya viwanda ambayo watu huiendea kwa mapumziko. Aachen, kule Ujerumani, ulisifika kwa sindano na vitambaa, na papo hapo watu walikwenda kuoga maji moto yanayobubujika ardhini tangu enzi za Warumi. Kwetu mji wa namna hiyo ni Kidatu, ila maji yake ni ya baridi.

Kidatu utaujua kwa pua kabla ya macho. Kampuni ya Sukari Kilombero ilianza kuzalisha mwaka 1962, na viwanda vyake vya Msolwa na Ruembe vimekaa huku na huku ya mto Ruaha Mkuu. Msimu wa kusaga ukifika, harufu ya molasi hujaa hewani. Miwa huchomwa moto shambani ili majani makavu yaondoke kabla ya kukatwa, na majivu meusi hupeperuka hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Mama mwenye kufua hutazama kwanza upepo. Makapi ya miwa nayo huwa kuni za kiwanda: huchemsha maji, na mvuke ukaendesha mitambo na kuzalisha umeme.

Umeme wa taifa nao uko jirani. Kituo cha Kidatu, kilichoanza kazi mwaka 1975, kimechimbwa ndani ya mwamba, chini ya ardhi, na nguvu yake ni megawati 204. Maji yake huwekewa akiba katika bwawa la Mtera, juu zaidi mtoni. Waliokuwa mjini wakati wa mgawo wa umeme mwaka 1992 na 1994 watakumbuka jinsi tulivyofuatilia kina cha Mtera, tena kwa redio za betri.

Sasa geukia magharibi. Milima ya Udzungwa imesimama kando ya barabara kama ukuta, na msitu unashuka karibu na miwa. Ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992, yenye kilomita za mraba 1,990, na hakuna kuzunguka kwa gari humo. Ni miguu yako tu. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 kwa hatua tatu, na chini yake kuna vidimbwi vya kuogea. Nimeoga humo. Meno yaligongana, lakini jasho la kupanda mlima lilinitoka lote.

Ukiwa na bahati utamwona ng'olaga, nyani mdogo wa kijivu asiyepatikana popote duniani ila katika milima hii. Wataalamu walimtambua mwaka 1979, na vitabu vikaandika kwamba amegunduliwa. Wenyeji walikuwa na jina lake siku zote.

Kati ya ukuta wa msitu na bahari ya miwa kuna ukanda mwembamba, na ndimo vilimo vijiji: Sanje, Mang'ula na vinginevyo. Mtu wa hapo akitoka nje, mbele ni shamba la kampuni au la mkulima mwenzake, nyuma ni hifadhi. Zamani kinamama waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilifutwa. Naielewa hoja ya wahifadhi, maana msitu huo ndio unaolisha vijito vinavyoteremka bondeni, na bonde la Kilombero huupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, ndiyo yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Lakini taa inawaka Dar es Salaam, na maharage yanachemshwa Mang'ula. Aliyefungiwa kuni anastahili kuona faida ya msitu ikiingia mfukoni mwake, na mgeni anayelala kijijini, akala wali wa Ifakara na kumlipa kijana wa hapo amwongoze, ni njia mojawapo. Ni ndogo, najua.

Atakayekwenda aanzie lango la Mang'ula, ambako Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi. Miezi ya kiangazi, kuanzia wa sita hadi wa kumi, njia haitelezi sana. Na akiwa na siku ya ziada asonge hadi Ifakara, avuke mto Kilombero juu ya daraja la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018, mahali ambapo zamani tulisubiri pantoni jua likituchoma utosini.