Kujifunza Kuchora kwa Rangi za Mafuta: Lililokonda Chini, Lililonona Juu

Picha ya kwanza ambayo kikundi chetu kidogo cha uchoraji kilichora kwa rangi za mafuta ilikuwa ya Bikira Maria, kwa ajili ya kikanisa. Tulitaka iwe tayari kabla ya Oktoba, mwezi wa Rozari, na kweli tuliiwahisha. Ilipendeza. Lakini mwaka haukuisha kabla vazi la buluu halijapasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Rangi zilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu hatukujua jinsi mafuta yanavyokauka. Tunapenda kuwashirikisha wenzetu wanaoanza yale tuliyojifunza baadaye.

Ni rangi gani tunayoizungumzia?

Ukienda dukani ukaomba rangi ya mafuta, utapewa kopo la rangi ya kung'aa ya kupaka milango na mageti. Rangi hiyo nayo imezaa sanaa: Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za aina hiyo juu ya hadibodi. Lakini rangi ya mafuta tunayoieleza hapa ni nyingine. Ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, mara nyingi ya mbegu za kitani, na huuzwa katika tyubu ndogo.

Mafuta hayakauki kama maji

Nguo iliyofuliwa hukauka kwa sababu maji yanaondoka. Mafuta ya kitani hayaondoki. Hubaki pale pale, yakivuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Ndiyo maana mafuta ya nazi au ya zeituni hayafai: hayana uwezo huo, na picha itabaki kunata. Tabaka jembamba la mafuta ya kitani laweza kuguswa baada ya siku chache, lakini ndani yake kazi huendelea kwa miezi mingi.

Uchelewaji huu umewasumbua wengi kabla yetu. Theophilus, padre na mtawa aliyeandika kitabu cha ufundi mwanzoni mwa karne ya 12, alieleza rangi za mafuta na kulalamika kwamba kusubiri kila rangi ikauke kabla ya kuongeza nyingine kunachosha. Karne tatu baadaye, Jan van Eyck aliugeuza uchelewaji huo kuwa faida. Katika picha ya altare ya Ghent, Ubelgiji, iliyokamilika mwaka 1432, alipanga matabaka membamba yanayopitisha mwanga, moja juu ya jingine, hata vito na vitambaa vikaonekana kama halisi.

Kanuni yenyewe

Tabaka lililokonda ni lile lenye mafuta kidogo, rangi yake ikiwa imezimuliwa kwa tapentaini. Lililonona ni lile lenye mafuta mengi. Kanuni ni hii: lililokonda likae chini, lililonona likae juu. Tabaka lililonona huchelewa kukauka, na muda wote huo halijatulia: huvimba kidogo linapovuta oksijeni, kisha husinyaa. Ukiweka juu yake tabaka lililokonda, hilo la juu litakuwa gumu upesi, na la chini linapoendelea kusogea, la juu litapasuka. Ndivyo lilivyoharibika vazi letu. Tulianza na buluu nzito yenye mafuta mengi, na siku mbili baadaye tukaifunika kwa rangi iliyozimuliwa.

Hatua kwa hatua

1. Andaa kitambaa. Amerikani nzito iliyovutwa vizuri kwenye fremu yafaa kwa kujifunzia. Usiipake rangi ya mafuta moja kwa moja, kwa kuwa mafuta huozesha nyuzi. Tanguliza jeso, yaani rangi nyeupe ya msingi, mara mbili au tatu. Msingi usiofaa humwangusha hata bingwa: Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho mjini Milano kati ya 1495 na 1498 kwa kubandika rangi juu ya ukuta mkavu, nayo ilianza kuharibika yeye angali hai.

2. Weka tabaka la kwanza. Chukua rangi ya kahawia ya udongo, izimue kwa tapentaini, kisha panga mahali pa mwanga na pa kivuli. Rangi hii hukauka upesi.

3. Endelea na rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu, bila kuizimua.

4. Katika matabaka ya juu, ongeza matone machache ya mafuta ya kitani. Kabla ya kila tabaka, gusa lililotangulia. Likinata, subiri.

5. Usipake vanishi mapema. Subiri miezi 6 hadi 12.

Tahadhari mbili. Fungua madirisha, maana mvuke wa tapentaini hudhuru. Pia, usirundike matambara yenye mafuta ya kitani: yanapovuta oksijeni hutoa joto, na rundo laweza kuwaka moto lenyewe bila kiberiti. Yaanike nje moja moja, au yaloweke ndani ya maji kabla ya kuyatupa.

Picha yetu ya kwanza hatukuitupa. Tumeitundika katika chumba tunachojifunzia, na kila mgeni anayejiunga nasi huonyeshwa lile vazi kabla hajapewa brashi. Picha ya pili imefika tabaka la tatu. Tulipomweleza padre mlezi kwamba haitawahi Oktoba hii, aliigusa pembeni kwa kidole, akaona bado inanata, akasema tutaitundika Oktoba ijayo.