Kufunga Chakula Katika Dini Mbalimbali

Leo twataka kusema juu ya kufunga, nasi tutaanza na ugomvi.

Katika chuo kimoja cha waalimu tulichopata kufundisha, mwaka mmoja mwezi wa Ramadhani uliangukia ndani ya Kwaresima. Jioni moja vijana wawili waliokaa benchi moja darasani walikamatana mashati. Mmoja wao, Mkristo, alikuwa amesema, "Ninyi hamfungi, mwahamisha tu chakula cha mchana mkakila usiku." Mwenziwe Mwislamu akamjibu, "Na ninyi mwaacha nyama, ambayo hapa chuoni hatuioni ila Jumapili!" Tuliwatenganisha na kuwakemea. Lakini usiku ule sisi waalimu tulijiuliza: je, twajua jirani yetu afungapo hufunga nini, na kwa nini? Tukaona aibu, kwa maana wengi wetu hatukujua.

Mwislamu hufunga tangu alfajiri hata jua kuchwa. Hali, hanywi, wala mume na mke hawakaribiani. Tena hutia nia, kwa kuwa mtu aliyekosa chakula kwa umaskini tu hakufunga, ameshinda na njaa. Faradhi hii iliwekwa mwaka wa 2 wa Hijra, yaani mwaka 624 wa Masihi. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu wafuata mwezi, Ramadhani hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka, na katika miaka kama 33 huzunguka majira yote. Kwetu sisi tulio karibu na Ikweta mchana haupiti sana saa 12. Bali Mwislamu akaaye London, Ramadhani ikimwangukia mwezi wa Juni, hufunga saa 18 na zaidi. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula, wakalipa siku nyingine. Mzee asiyeweza kabisa hulisha maskini mmoja kwa kila siku aliyoikosa. Na kabla ya sala ya Idi hutolewa zaka ya fitri, ili maskini naye apate kula siku ile. Hayo yote hayamo katika neno "kuhamisha chakula."

Wayahudi wana Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwezi wao wa Tishri. Hufunga muda wa saa kama 25, tangu jioni hata usiku wa kesho yake, bila chakula wala maji, wala hawavai viatu vya ngozi. Lakini mgonjwa ambaye kufunga kutamhatarisha maisha haruhusiwi kufunga, hata akitaka. Waalimu wao wa kale walifundisha neno zito: siku hiyo hupatanisha mtu na Mungu, ila dhambi aliyomtendea jirani haiondoki mpaka amwendee jirani mwenyewe na kumtuliza. Na asubuhi ya siku iyo hiyo husomwa sinagogini sura ya Nabii Isaya iwakemeayo watu wafungao huku wakigombana na kuwaonea vibarua wao. Kama tungalijua hayo siku ya ule ugomvi, tungaliwasomea vijana wetu sura hiyo badala ya kuwakemea.

Wakristo hawako pamoja katika jambo hili. Wote wajua ya kuwa Yesu alifunga siku 40 jangwani, na kwamba alimwagiza mfungaji apake kichwa mafuta na kunawa uso, watu wasijue. Lakini njia zao ni mbali mbali. Wahabeshi wa Kanisa la Orthodox ndio wafungao sana: kila Jumatano na Ijumaa, na siku 55 kabla ya Pasaka, hawali nyama, wala mayai, wala maziwa, wala siagi, na wengi hawaonji kitu mpaka alasiri. Kwa Wakatoliki, Papa Paulo wa 6 alipunguza sheria mwaka 1966. Sasa wafungao kwa lazima hufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mlo mmoja kamili na viwili vidogo, na siku za Ijumaa za Kwaresima huacha nyama. Waprotestanti wengi huliacha jambo hili kwa dhamiri ya mtu. Mwaka 1522, mjini Zurich, watu walikula soseji katika Kwaresima nyumbani kwa mpiga chapa Froschauer. Mhubiri Zwingli alikuwapo, asile, kisha akawatetea mimbarani. Soseji chache zikautikisa mji mzima!

Katika dini za Bara Hindi, Wahindu wengi hufunga siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi, wakaacha nafaka na kunde, wakala matunda na maziwa. Wajaini, ambao wako Mombasa na Nairobi pia, wana siku za mfungo kila mwaka ambazo wengine hunywa maji ya kuchemshwa tu, na mwisho wake kila mmoja huomba radhi kwa wote aliowakosea. Watawa wa Kibudha hawali tangu adhuhuri mpaka alfajiri. Lakini Budha mwenyewe, baada ya kujitesa kwa njaa hata akakonda mno, aliiacha njia hiyo, akafundisha njia ya katikati. Makalasinga hawasifu sana kufunga. Sifa yao ni jiko. Huko Makindu, kando ya njia ya Nairobi na Mombasa, hekalu lao humlisha msafiri yeyote bila malipo wala kuulizwa dini yake.

Mfungo mmoja twaukumbuka kuliko mingine. Tarehe 13 Januari 1948, mjini Delhi, Mohandas Gandhi, Mhindu, mwenye umri wa miaka 78, aliacha chakula. Bara Hindi ilikuwa imegawanywa mwaka uliotangulia, na Wahindu, Makalasinga na Waislamu walikuwa wakiuana. Alitaka Waislamu wa Delhi wakae salama na misikiti yao irudishwe. Tarehe 18, viongozi wa jamaa zote walipotia sahihi ahadi, akafungua kwa maji ya machungwa. Siku 12 baadaye alipigwa risasi na Mhindu mwenziwe aliyemwona kuwa amewapendelea Waislamu.

Turudi chuoni. Tulipowahoji wale vijana wawili, chanzo cha hasira kilionekana. Jiko lilifungwa saa kumi na mbili kamili, na jua huchwa baadaye kidogo. Kwa hiyo waliofunga Ramadhani walifuturu ugali uliopoa, na bila chai. Hakuna mwalimu aliyekuwa ameliona hilo, maana sisi tulikula kwetu. Mpishi aliombwa kungoja mpaka saa moja. Alinung'unika siku mbili, ya tatu akaanza kuwapikia uji wa moto, na yule kijana Mkristo akawa ndiye amchoteaye maji.