Kumfunza Mpimaji Mpya wa Pamba: Kazi Igawanywe Hatua kwa Hatua



Msimu mmoja nilifika katika chama kimoja cha msingi wilayani Bunda, nikawakuta wakulima wameketi juu ya mizigo yao ya pamba tangu alfajiri. Katibu alikuwa mgonjwa. Msaidizi wake alikuwapo na mizani ilikuwapo, lakini haikuwa imepimwa hata kilo moja. Nilipomwuliza sababu, kijana yule alijibu kwa adabu: "Mzee, nimemwona Katibu akipima misimu miwili, lakini mimi mwenyewe sijapata kupima."

Jioni ile nilimhutubia saa nzima juu ya upimaji. Kesho yake alisimama mbele ya mizani akitetemeka kama jana. Kosa lilikuwa langu. Nilidhani kupima pamba ni kazi moja, kumbe ni mnyororo wa kazi ndogo nyingi, na mkono uliozoea husahau jinsi ulivyofunzwa.

Elimu ya kufumua mnyororo huo imo katika taaluma ya uchambuzi wa tabia, ambayo misingi yake ilielezwa na Mmarekani B. F. Skinner katika kitabu chake cha mwaka 1938. Leo hutumika sana kuwafunza watoto wenye usonji kunawa mikono au kuvaa nguo, na hufaa vilevile kazini. Nasi wa Kanda ya Ziwa si wageni wa mafunzo yanayofuata kazi: kati ya mwaka 1968 na 1972 mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa kutoka Mwanza kwa msaada wa UNESCO na kufika mkoani Mara, uliwafunza watu wazima kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao, kilimo cha pamba kikiwamo.

Kwanza, Katibu apime mzigo polepole, na mtu mwingine aandike kila akionacho. Orodha yaweza kuwa hivi:

1. Kuhakikisha mizani imekaa sawa na inasoma sifuri bila mzigo.
2. Kukagua pamba: isiwe na maji wala mchanga, na pamba safi isichanganywe na fifi.
3. Kuweka mzigo usiguse ardhi, ukuta wala mtu.
4. Kusoma uzito kwa sauti, mkulima akitazama.
5. Kutoa uzito wa gunia tupu.
6. Kuzidisha kilo zilizobaki kwa bei.
7. Kuandika stakabadhi na nakala yake.
8. Kumsomea mkulima stakabadhi na kumkabidhi.

Tuseme mzigo una kilo 64 na gunia tupu lina kilo 1: zabaki kilo 63. Ikiwa bei ya zoezi ni shilingi 1,000, mkulima anastahili shilingi 63,000. Mwanafunzi akisahau hatua ya tano, hesabu nzima imeharibika, hata kama hatua nyingine zote amezifanya vema.

Kila hatua sharti iwe kitendo kinachoonekana. "Awe mwangalifu" si hatua, kwani watu wawili wakitazama watabishana kama imefanyika. "Mizani isome sifuri" ni hatua, kwa maana hakuna ubishi.

Pili, hatua zifundishwe moja moja. Waweza kuanza na ya kwanza na kwenda mbele. Waweza pia kuanza na ya mwisho: Katibu afanye saba za mwanzo, na mwanafunzi afanye ya nane tu. Akiimudu, aongezewe ya saba, na kuendelea kurudi nyuma. Faida yake ni kwamba kila mara mwanafunzi ndiye anayeikamilisha kazi, naye huona matunda yake.

Tatu, msaada upunguzwe. Mwanzoni elekeza kwa vitendo, kisha kwa maneno, kisha kwa kidole tu, mwishoni nyamaza. Akifanya sawa, msifu papo hapo, na utaje alichofanya: "Umekumbuka kutoa gunia." Weka alama kwa kila hatua aliyoifanya bila msaada. Asiachiwe mizani mpaka amalize zote nane bila kosa mara tatu mfululizo. Akikwama daima mahali pamoja, usimwite mzito wa kichwa. Yamkini hatua hiyo ni kubwa mno, basi igawanye tena.

Mazoezi haya yafanywe kabla ya msimu, kwa gunia la mchanga. Pamba ya mkulima si ya kujifunzia.

Kijana wa Bunda alifunzwa upya kwa njia hii, na msimu uliofuata alipima peke yake, Katibu akiwa ameketi pembeni.

Ndugu Makatibu, ujuzi uliofungwa katika kichwa cha mtu mmoja huugua pamoja naye. Kila chama, kiwe Bunda, Butiama au Musoma, kiwe na wapimaji wawili walau. Nanyi Ndugu Wanachama, ombeni orodha hiyo ibandikwe ukutani karibu na mizani. Itamwongoza mpimaji mpya, na itawawezesha ninyi kujua ni hatua gani imerukwa pamba yenu inapopimwa.