Mapunye: Subira Katika Kuota kwa Nywele

Mzazi wa Handeni au Korogwe aonapo kichwani mwa mwanawe mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, aghalabu huo ni ugonjwa wa mapunye. Fangasi wake hujipenyeza ndani ya unywele hadi kwenye shina, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Ndiyo maana tiba ni dawa ya kumeza, mathalani griseofulvini, pamoja na chakula chenye mafuta, kwa wiki 6 hadi 8.

Wahudumu wa zahanati wazingatie jambo moja: mapunye mengine huvimba, hutoa usaha na kufanana na jipu. Uvimbe huo usipasuliwe. Tiba ikichelewa, kovu huweza kuharibu mashina, na hapo nywele hazioti tena.

Pasipo kovu, nywele hurudi, lakini kwa kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwezi. Kwa hiyo mabaka yanayoendelea kuonekana si lazima yawe dalili ya dawa kushindwa, wala mzazi asiikatize. Vitana, kofia na nyembe visitumiwe kwa pamoja, na watoto wengine nyumbani wachunguzwe. Penye shaka, mgonjwa apewe rufaa mapema, kabla kovu halijatangulia.