Kilo 62,5 ziligeuka 625: namna telefone na kompyuta zinasikilizana

Wanachama wa koperative, msimu uliopita tulipima mpunga hapa Lubarika gunia kwa gunia na kuandika ndani ya telefone. Betri zilipokufa, tulimalizia kwenye daftari. Kufika ofisini Uvira, mama mmoja aliyeleta kilo 62,5 alionekana kwenye listi na kilo 625. Tulipomwambia alicheka, kisha akauliza: "Na kama kuna wenye kupunguziwa, nani aliwaonaka?" Swali hilo lilitukaa moyoni.

Mizani haikuwa na kosa. Programu ya telefone imeandikwa kwa lugha moja ya kompyuta, ya ofisini kwa lugha nyingine, na hazijuani. Ili zipashane habari, telefone inaweka kila jibu katika maandishi ya kawaida na kulifunga kwa etiketi mwanzo na mwisho, hivi: <kilo>62.5</kilo>. Mpango huo unaitwa XML, ulitoka mwaka 1998. Ni kama gunia lenye etiketi: dereva yeyote analibeba, na depo yoyote inajua ndani mna nini bila kulifungua. Fomu za ODK na KoboToolbox zinasafiri hivyo, na zinaweza kungoja ndani ya telefone mpaka rezo ipatikane.

Zile za telefone zilifika salama. Shida ilitoka kwa zile za daftari, ambazo sisi wenyewe tuliingiza kwa mkono, haraka haraka, jioni. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika desimali kwa mkato, ile virgili ya shuleni. Kompyuta ile ilipangwa kwa Kiingereza, ambako desimali ni nukta. Ikameza mkato na kuacha 625. Tulirudi kwenye daftari mstari kwa mstari kabla ya malipo, tukakuta mistari mingine mitatu ya namna hiyo.

Wengi wanatuuliza kama fomu inaweza kusema Kifuliru. Ndiyo. Swali unaloliona linaweza kuwa la Kifuliru, Kiswahili ao Kifaransa. Etiketi ya ndani inabaki ileile, kwa hiyo hesabu hazichanganyiki. Lakini XML haijui kama guigoz yako ni ya kujaza mpaka kilima ao ya kupangusa. Hapo ni sisi kukubaliana mbele ya mavuno, na kwa mpunga tunaomba mizani tu.

Msimu huu kila mwanachama atasoma namba kwenye telefone mbele fomu haijafungwa, na atabaki na karatasi yake. Yule mama ameishaomba kuwa wa kwanza.